Maneno nimekariri, tamathali nimekariri, mbona Vergilius hasomeki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilisoma Kilatini seminari ndogo, na hadi leo Misale na Vulgata (Biblia ya Kilatini) nazisoma bila kubabaika. Sasa niko chuo kikuu, nasoma fasihi, na nimeamua kumsoma Vergilius, mshairi wa Kirumi, kwa lugha yake mwenyewe. Nimetengeneza kadi za msamiati na kukariri kama maneno 800. Nimekariri pia orodha ya tamathali za semi na maana zake. Lakini nikikaa mbele ya mishororo kumi tu naishiwa nguvu: maneno ninayoyajua yanatoa maana za ajabu, na tamathali siioni mpaka niambiwe na maelezo ya chini ya ukurasa. Je, niongeze kadi? Nisome tafsiri kwanza? Na mizani ya Kilatini ina faida gani kwa mtu anayetaka kuelewa tu? (Msomaji, Songea)

JIBU: Marahaba. Kadi zako 800 zinatosha kwa sasa, usiongeze hata moja. Shida yako haiko kwenye idadi. Umejifunza maneno kivyake na tamathali kivyake, kila upande na daftari lake, kisha ukategemea kwamba vitakutana vyenyewe ukifungua kitabu. Havikutani. Kwa washairi wa Kirumi tamathali ni kazi ambayo neno linafanya likiwa mahali fulani kwenye mshororo, karibu na maneno fulani, baada ya kuwa limeshatumika mahali pengine. Ukilijua neno bila kujua mahali pake, lazima usubiri maelezo ya chini ya ukurasa.

Nianze na Kilatini chako cha seminari, maana ni mtaji mkubwa lakini kina mitego yake. Mtakatifu Jerome alianza kazi iliyozaa Vulgata mwaka 382 BK. Vergilius alifariki mwaka 19 KK. Hapo katikati kuna miaka 400, na ndani ya miaka hiyo Ukristo uliyachukua maneno mengi ya Warumi ukayapa kazi mpya. Chukua sacer. Kwako ni “takatifu”, basi. Unafika kitabu cha tatu cha Aeneid, utenzi mkuu wa Vergilius, mshororo wa 57, unakuta auri sacra fames. “Njaa takatifu ya dhahabu”? Anayesema ni Aeneas, Mtroia aliye shujaa wa utenzi huo, na anasimulia jinsi Polydorus, mtoto wa mfalme wa Troia, alivyouawa na mwenyeji aliyekabidhiwa amlinde, ili dhahabu aliyopelekwa nayo iporwe. Hakuna cha utakatifu hapo. Kwa Warumi wa zamani, sacer ni kitu kilichoondolewa mikononi mwa watu na kuachiwa miungu, kwa heri au kwa shari, na mtu aliyetamkwa sacer aliweza kuwa mtu wa laana. Kwa hiyo Aeneas anazungumzia tamaa ya dhahabu iliyolaaniwa.

Pius nalo litakusumbua hivyo hivyo. Ukilifanya “mcha Mungu” umepata theluthi moja tu ya neno. Pius Aeneas ni mtu anayetimiza wajibu kwa miungu, kwa wazazi na kwa watu wake. Ndiyo maana picha yake kuu ni ya mwanamume anayetoka kwenye mji unaoungua akiwa amembeba baba yake mabegani. Na cura, ambalo wewe unalijua kutoka cura animarum, huduma ya roho za waumini, kwa washairi mara nyingi ni mahangaiko ya mtu aliyependa. Nenda kwenye kadi zako, chagua yale maneno ambayo uliyakuta kanisani kwanza, uyawekee alama. Hayo ndiyo ya kuangalia upya kwenye kamusi, siyo yale usiyoyajua kabisa. Usilolijua utalitafuta, unalodhani unalijua utalipita.

Sasa msamiati wenyewe. Chuo cha Dickinson cha Marekani kimeweka mtandaoni, bure, orodha ya maneno 1,000 ya msingi ya Kilatini, ambayo kwa makadirio yao yanafunika kama asilimia 70 ya andiko la kawaida. Bila shaka mengi kati ya maneno yako 800 yamo humo. Watu wengi hufikiri ushairi unaanzia kwenye asilimia 30 iliyobaki, yaani kwenye maneno adimu. Mimi naona ugumu mkubwa zaidi uko ndani ya ile 70, kwa sababu mshairi hulichukua neno la jikoni akalipeleka baharini.

Tazama mshororo wa 35 wa kitabu cha kwanza, Watroia wakitoka Sicilia:

vela dabant laeti et spumas salis aere ruebant

Sal ni chumvi. Aes ni shaba. Ukienda na kadi zako utapata: “walitandaza matanga kwa furaha na kutifua mapovu ya chumvi kwa shaba.” Sarufi yote iko sawa na hujaelewa kitu. Chumvi hapa ni bahari, na shaba ni omo ya jahazi iliyovishwa madini hayo. Hii ndiyo taashira uliyokariri maana yake: kitu kutajwa kwa jina la kilichomo au kilichokitengeneza. Msomaji wa pwani anayejua omo na tezi anaiona meli hiyo mara moja akishapata ufunguo. Ukiendelea na kitabu hicho cha kwanza utakuta bahari ikiitwa mare, pontus, pelagus, altum (kilindi), aequor (uso ulio sawa), fretum. Usiziandike zote “bahari” kwenye kadi. Mshairi anayeita bahari aequor katikati ya dhoruba, wakati uso wake hauko sawa hata kidogo, anaweza kuwa na lake jambo. Anaweza pia kuwa anatafuta tu neno linaloingia kwenye mizani. Utaamua mwenyewe kwa kusoma mishororo ya jirani.

Mfano mwingine ninaoupenda uko mshororo wa 177 wa kitabu hicho hicho. Watroia wameokoka dhoruba, wamefika pwani ya Libya, wamelowa, wamechoka, wana njaa. Vergilius anaandika kwamba wanatoa Cererem corruptam undis Cerealiaque arma, yaani “Ceres aliyeharibiwa na mawimbi na arma za Ceres”. Ceres ni mungu wa kike wa nafaka, kwa hiyo hapa ni nafaka yenyewe iliyolowa. Na arma? Neno hilo ndilo la kwanza kabisa katika Aeneid nzima, arma virumque cano, “naimba silaha na mwanamume”. Kumbe linaweza pia kuwa vifaa: mawe ya kusagia, vyombo vya kukandia unga. Neno lililofungua utenzi wa vita limeshuka, kabla hata ya mshororo wa 200, likawa vyombo vya kutengenezea mkate, mikononi mwa watu waliochoka kiasi kwamba hawawezi kumpiga vita mtu yeyote. Kadi inayosema “arma: silaha” isingekuonyesha hilo kamwe.

Kwa hiyo badili namna ya kuweka kumbukumbu. Chukua daftari, na badala ya kuandika neno na maana, andika mshororo mzima, piga mstari chini ya neno, halafu taja namba ya kitabu na mshororo. Neno likitokea tena, rudi ukurasa huo huo uandike mshororo mpya chini ya ule wa kwanza. Kamusi iliyo bora kwako ni ile ya Lewis na Short ya mwaka 1879, ambayo inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts na kwenye Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago. Usiishie kwenye maana ya kwanza. Shuka mpaka pale wanapotaja washairi, na mara nyingi utaukuta mshororo wako mwenyewe umenukuliwa humo. Kazi hii ni ya polepole. Mishororo mitano kwa siku ni mingi.

Daftari la namna hiyo litakufikisha wapi? Fungua kitabu cha nne, chenye mishororo 705, kisa cha Dido malkia wa Carthago. Mishororo miwili ya kwanza:

At regina gravi iamdudum saucia cura
vulnus alit venis et caeco carpitur igni

“Lakini malkia, aliyejeruhiwa tangu zamani na mahangaiko mazito, analilisha jeraha kwa mishipa yake na anatafunwa na moto usioonekana.” Weka daftarini saucia (aliyejeruhiwa), vulnus (jeraha), ignis (moto). Zingatia pia vitenzi. Alit ni “analisha”, neno la kulea mtoto au mfugo, na hapa yeye ndiye mlishaji wa kinachomuua. Carpitur ni kauli ya kutendwa: kwenye mshororo mmoja malkia ni mtenda na mtendwa. Kuhusu caecus, neno hilo ni “kipofu”, lakini moto kipofu ni moto usioonekana, kwa sababu Kilatini huweza kulitumia kwa asiyeona na kwa kisichoonekana.

Mpaka hapo yote ni sitiari, na tena sitiari iliyochakaa: mapenzi ni jeraha, mapenzi ni moto. Kila mshairi wa Kirumi anayo. Ungeandikiwa “sitiari” pembeni, ungeiwekea alama ukaendelea. Lakini wewe una daftari. Kwenye mshororo wa 66 na 67 unakuta moto tena, flamma, unakula uboho wake, na tacitum vivit sub pectore vulnus, “jeraha linaishi kimya chini ya kifua”. Mara inafuata tashbihi: Dido ni kama paa jike katika misitu ya Krete, aliyepigwa mshale kutoka mbali na mchungaji, akakimbia nao, haeret lateri letalis harundo, “tete la mauti limenasa ubavuni”. (Harundo ni tete, mmea, hapa ni mshale. Taashira tena.) Jeraha la sitiari sasa limepata mshale, ubavu na aliyelipiga. Na huyo aliyelipiga ameelezwa kwa neno moja lililowekwa mwanzo wa mshororo: nescius, hajui. Mchungaji hajui kwamba amempata. Vergilius hajamtaja Aeneas hata mara moja katika tashbihi hiyo, wala hana haja.

Sasa ruka mishororo zaidi ya 600. Aeneas ameondoka kwa amri ya miungu. Dido amepanda juu ya rundo la kuni, akajilaza kitandani pale na kujichoma kwa upanga aliouacha Aeneas. Mshororo wa 688 na 689:

illa gravis oculos conata attollere rursus
deficit, infixum stridit sub pectore vulnus

“Yeye, akijaribu tena kuinua macho mazito, anaishiwa, jeraha lililochimbika linalia chini ya kifua.” Sub pectore vulnus: maneno matatu yale yale, mwisho wa mshororo kama yale ya 67. Pale lilikuwa kimya, tacitum. Hapa lina sauti, stridit, mlio wa kitu kinachopumua mahali pasipo pa kupumulia. Pale lilikuwa sitiari. Hapa ni upanga. Na moto nao hausubiri: mwanzo wa kitabu cha tano Aeneas anatazama nyuma akiwa baharini na kuona kuta za mji zinang'aa kwa miale. Kisha katika kitabu cha sita, kuzimu, mshororo wa 450, anamwona tena, na Vergilius anamtambulisha hivi: recens a vulnere Dido, “Dido, jeraha lake bado bichi”.

Ona sasa ulichopata kwa kufuata neno moja tu, na ni neno rahisi lililo kwenye kadi yako tayari. Orodha ya tamathali inakupa majina manne kwa kisa hiki: sitiari, tashbihi, takriri, taashira. Majina hayo ni sahihi na mwalimu wako wa chuo atayataka, lakini hayakuambii kwamba mshairi alichukua msemo uliochakaa wa wapenzi akautendea kazi mpaka ukawa kweli mwilini mwa mtu. Angalia pia deficit ilivyokaa. Wewe unaijua mishororo mishata kutoka ushairi wetu. Hapa sentensi inavuka, inadondokea kwenye kitenzi kimoja, “anaishiwa”, na hapo hapo inakatika.

Nije kwenye mpangilio wa maneno, ambao nadhani ndio hasa uliokumaliza nguvu. Mtoto wa Kiswahili ana silaha moja ambayo Mwingereza hana: upatanisho wa ngeli. Nikikuambia “viti vya mgeni vizuri”, unajua mara moja kilicho kizuri ni viti, japokuwa mgeni amekaa katikati. Nikisema “viti vya mgeni mzuri”, umeshabadili mawazo. Sikio lako limezoea kuunganisha maneno kwa viambishi, si kwa ukaribu. Kilatini kinafanya hivyo kwa miisho, na kinaruhusu umbali mkubwa zaidi. Sikiliza Horatius, mshairi mwingine wa Kirumi, katika diwani aliyotoa mwaka 23 KK, utungo wa tano wa kitabu cha kwanza:

Quis multa gracilis te puer in rosa

Neno kwa neno: “Nani / mengi / mwembamba / wewe / kijana / katika / waridi”. Vurugu tupu. Sasa patanisha. Multa inakwenda na rosa, gracilis inakwenda na puer. (Upatanisho si vina. Multa na rosa zinafanana mwisho, gracilis na puer hazifanani, lakini zote mbili ni nominativu ya umoja, yaani umbo la mtenda.) Jibu: “Ni kijana gani mwembamba, katikati ya mawaridi tele, anayekukumbatia?” na kitenzi kinakuja kwenye mshororo wa pili. Lakini sasa angalia jinsi maneno yalivyokaa. Katikati kabisa kuna te, wewe, mwanamke anayeitwa Pyrrha. Pande zake mbili kuna gracilis na puer: kijana amemzunguka. Nje yao kuna multa na in rosa: mawaridi yamewazunguka wote wawili. Mshororo umepangwa kama kile unachokisimulia.

Kwetu, mshairi akipindua maneno ili kupata vina tunasema ameboronga sarufi, na tunampa idhini. Usimwangalie Horatius kwa jicho hilo. Hajaboronga kitu, lugha yake inamruhusu, na yeye anaitumia ruhusa hiyo kuchora. Vergilius pia. Kitabu cha nne tena, mshororo wa 165: Dido na Aeneas wanakimbilia pango moja kujikinga na mvua.

speluncam Dido dux et Troianus eandem
deveniunt

Speluncam na eandem, “pango” na “lile lile”, ziko ncha mbili za mshororo, na watu wawili wamefungiwa ndani. Halafu soma Dido dux kabla hujafika et Troianus. Kwa nukta moja inaonekana kama Dido ndiye dux, kiongozi, na kweli alikuwa kiongozi: kitabu cha kwanza, mshororo wa 364, kinasema dux femina facti, mwanamke ndiye aliyeongoza tendo lile la kuuhamisha ukoo. Kisha sarufi inamnyang'anya cheo na kumpa mgeni. Tena mshororo huu wote ulishatamkwa kabla, wa 124, na mungu Juno alipokuwa anapanga njama. Tofauti ni kwenye kitenzi kinachofuata: Juno alisema devenient, “watafika”, sasa ni deveniunt, “wanafika”. Vokali moja imebadilika na njama imetimia. Kadi ya msamiati ina devenio, na wakati ujao ulifundishwa kidato cha pili.

Umeuliza faida ya mizani kwa mtu anayetaka kuelewa tu. Jibu fupi: mizani ni sehemu ya sarufi. Rudi kwenye multa ya Horatius. Ikiwa a ya mwisho ni fupi, neno ni “mambo mengi”. Ikiwa ndefu, ni ablativu, umbo linalofuata in (“katika”) hapa, na inakwenda na rosa. Kitabu chako huenda hakina alama za urefu. Lakini mizani ya utungo huo inadai silabi ya tatu iwe ndefu, kwa hiyo ni ablativu, mjadala umefungwa. Na usiseme sikio la Kiswahili halisikii urefu: “amekufa” na “amekufaa” hatujawahi kuzichanganya msibani. Kilatini kina malum, uovu, na mālum, tofaa. Levis, nyepesi, na lēvis, laini.

Mizani yetu huhesabu silabi, na ya Warumi huzipima. Tarbia ya mizani 16, nane ukwapi na nane utao, haibadiliki. Heksameta, mizani anayotumia Vergilius, ina miguu sita, na kila mguu ni daktili (silabi ndefu moja na fupi mbili) au spondei (ndefu mbili). Wa tano kwa kawaida ni daktili, na wa sita daima una silabi mbili. Hivyo mshororo mmoja waweza kuwa na silabi 13 na unaofuata 17, na yote ni sahihi. Vina havipo, usivitafute. Silabi ni ndefu ikiwa vokali yake ni ndefu au ikifuatwa na konsonanti mbili. Vokali ya mwisho wa neno ikikutana na vokali ya mwanzo wa neno linalofuata humezwa, jambo lisilo geni kwa anayejua inkisari. Kwa matamshi, acha kwa muda yale ya kanisani: caelum liwe “kailum”, virum liwe “wirum”. Siyo lazima, ila utasikia vizuri zaidi.

Soma kwa sauti mishororo hii miwili ya kitabu cha nane:

illi inter sese multa vi bracchia tollunt (452)
quadripedante putrem sonitu quatit ungula campum (596)

Wa kwanza ni Cyclopes, majitu ya jicho moja, wakifua chuma kwenye karakana ya Vulcanus, mungu wa moto, wanainua mikono kwa nguvu nyingi, na miguu minne ya mwanzo yote ni spondei. Wa pili ni kwato za farasi zikitikisa uwanda, na miguu mitano ya mwanzo yote ni daktili. Na kwa kicheko, mshairi mwingine wa Kirumi, Ovidius, katika utenzi wake Metamorphoses, kitabu cha sita, mshororo wa 376. Wakulima wa Lycia wamemnyima maji mungu Latona, amewageuza vyura: quamvis sint sub aqua, sub aqua maledicere temptant, “ingawa wako chini ya maji, chini ya maji bado wanajaribu kutukana”. Sikiliza sub aqua, sub aqua: ni vyura wanaolia. Hiyo ni tanakali sauti bila neno hata moja la tanakali.

Ila ujizuie. Wanafunzi wakishaonja mambo haya husikia nyoka kwenye kila s na farasi kwenye kila daktili. Daktili zimejaa kila mahali. Sauti haina maana yake yenyewe. Maana inatoka kwenye maneno, na sauti huitia nguvu au haifanyi kitu. Mimi kwenye karatasi ya mwanafunzi nikikuta “takriri ya konsonanti inaleta msisitizo” nauliza: inasisitiza nini? Asipojibu, nafuta.

Anza leo na utungo wa 85 wa Catullus, naye mshairi wa Kirumi. Ni mishororo miwili:

Odi et amo. quare id faciam, fortasse requiris.
nescio, sed fieri sentio et excrucior.

“Nachukia na napenda. Kwa nini nafanya hivi, pengine wauliza. Sijui, ila nahisi kinatendeka, nami nateswa.” Maneno 14, vitenzi vinane, nomino hakuna, kivumishi hakuna. Ukitafuta “lugha ya picha” utarudi mikono mitupu mpaka neno la mwisho. Kwa hiyo fuata vitenzi. Anayeuliza anauliza kuhusu faciam, “nafanya”. Jibu linakuja na fieri, na ni katika mshororo wa pili. Fieri ndilo neno linalotumika kama kauli ya kutendwa ya facio. Yaani: unaniuliza kwa nini nafanya, kumbe mimi nafanyiwa. Na kitenzi cha mwisho, excrucior, nacho ni cha kutendwa. Ndani yake mna crux, msalaba. Hapa Kilatini chako cha seminari kitakuletea Ijumaa Kuu, kizuie. Catullus aliandika kabla Kristo hajazaliwa, na msalaba enzi hizo ulikuwa adhabu ya watumwa. Raia huru wa Roma anasema anateswa kama mtumwa. Sasa andika vitenzi vyote vinane kwa safu mbili na uone vinavyojibizana: requiris na nescio ni swali na jibu, faciam na fieri umeshaviona. Odi, amo, sentio na excrucior nakuachia.

Kuhusu tafsiri, isome, lakini baada ya wewe kuandika yako mbovu. Ukianza na ya mwenzio utapatanisha maneno kwa kukisia maana badala ya kutazama miisho, na multa gracilis te puer itakushinda milele. Ukimaliza Catullus mfupi mfupi, mshike Ovidius, kwa kuwa sentensi zake zinakwenda mbele na hadithi zinakuvuta. Halafu kitabu cha nne cha Aeneid, chote, mishororo mitano kwa siku. Horatius nimekuonjesha tu. Mwache mpaka mwakani.